Jibu la Mlangoni

Kengele ya kutoka ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita walitoka makundi makundi, na Chiriku alitoka peke yake. Hakuna aliyemfukuza wala kumchokoza. Walikuwa hawamjui tu, na hawakuwa na haraka ya kumjua. Alihamia shule hiyo mwanzoni mwa mwaka, baada ya mama yake kupata kazi mpya, na wakati huo urafiki wote wa darasa ulikuwa umeshagawanywa zamani. Yeye alibakiziwa dawati la nyuma, karibu na kabati.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa haishi kuongea. Wenzake wa shule mpya wangelisikia jina hilo wangecheka, maana kwao alikuwa mtoto asiyefungua mdomo ila kuitika mwalimu akiita majina. Maneno yake yote ya mchana aliyaweka akiba, akayabeba mpaka nyumbani.

"Bibi, nimerudi! Shikamoo!"

"Marahaba, Chiriku wangu. Haya, mwaga."

Basi Chiriku aliketi sakafuni karibu na kigoda cha Bibi, chini ya dirisha la jikoni, akamwaga. Alieleza mwalimu alivyokosea hesabu yake mwenyewe ubaoni, nani aligombana na nani, nani alisinzia mpaka akaanguka kitini. Mdomo ukifanya kazi, mikono nayo haikukaa bure. Alichambua mchele, kisha akatia uzi kwenye sindano za Bibi, moja ya uzi mweupe, moja mweusi, moja wa buluu, akazichomeka kwa mpangilio huo huo kwenye kitakia. Bibi aliwashonea majirani vifungo na mapindo ya nguo, na kesho yake alizichukua sindano hizo kwa kupapasa.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Mwaka uliotangulia Bibi alisema, "Hebu nitilie uzi, macho yangu leo yamechoka." Leo hiyo ikawa kila siku. Jicho la kushoto lilifanya weupe katikati. La kulia lilionekana zima, lakini Bibi alianza kugonga bega kwenye fremu za milango, na jioni alilalamika kwamba taa ina duara la rangi. Chiriku akajifunza kuhakikisha kila kitu kinakaa mahali pake. Ndoo haikusogezwa, viti havikuvutwa, na birika lilirudi palepale lilipotoka. Bibi aliijua nyumba kwa viganja na nyayo, akatembea humo bila wasiwasi, na mgeni asingeshtukia lolote.

"Usimwambie mama yako," Bibi alimwonya. "Ana mizigo yake, mwache. Na shangazi yako akisikia siwezi kujitazama mwenyewe, kesho yake yuko hapa na begi. Atanipeleka kwake."

Shangazi aliishi mbali, safari ya kutwa nzima. Chiriku hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Bila Bibi, nyumba hiyo ingekuwa kuta nne na ramani.

Ramani yenyewe ilikuwa ya Mama, na ilikuwa imeshika meza yote ya chakula, hata wao wakawa wanakula sahani zikiwa mapajani. Zamani Mama alikuwa muuguzi wa kliniki ya macho. Sasa alikuwa mratibu wa mpango wa kuzuia upofu, na kazi yake ilikuwa kupanga madaktari waende wapi, na dawa, miwani na vifaa vya upasuaji viwafuate huko.

"Watu wanapofuka bure," alikuwa akisema, akichomeka pini nyekundu kwenye ramani. "Wengi wasingefika huko kama tungewahi. Lakini madaktari wa macho ni wachache, na gari lenye vifaa ni hilo hilo moja. Nikilipeleka mahali pasipo na wagonjwa, wenye shida wanabaki gizani. Lazima kwanza nijue wako wapi."

Utauliza, mtaalamu wa macho alikosaje kuyaona macho ya nyumbani kwake? Alitoka alfajiri na kurudi jioni amechoka hoi. Isitoshe, Bibi alikuwa mkwewe, na mkwe haangaliwi usoni kama mgonjwa wa foleni. Mama alimwamkia kwa adabu huku ameinamisha kichwa, akampa chakula kwa mikono miwili, akaenda kwenye ramani yake. Alikuwa ameyachunguza macho ya watu wasio na idadi, ila ya mama mkwe hakuwahi kuyatazama.

Mchana mmoja mlango ulibishwa. Alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mzee mcheshi ambaye watu walimwita Mzee Kofia kwa sababu ya kofia ya sufi asiyoivua hata jua likiwaka namna gani. Mkononi alikuwa na kipande cha chaki.

"Shikamoo," alisema Chiriku.

"Marahaba, binti. Mkubwa yupo?"

"Mama yuko kazini."

"Hilo nalijua, ndiye aliyenituma!" Mzee Kofia alicheka. "Tunapita mlango kwa mlango kabla gari la madaktari halijaja. Hapa kwa bosi nauliza kutimiza wajibu tu, nisije nikafukuzwa kazi. Swali ni moja. Humu ndani kuna mtu asiyeona?"

Nyuma ya pazia la jikoni, Bibi aliacha kushona. Chiriku alisikia kimya hicho. Akaliona begi la Shangazi kama limeshawekwa pale sebuleni.

"Hakuna," alisema.

"Afadhali. Mtaa huu una heri, kila mlango naambiwa hakuna." Mzee Kofia akachora alama ya chaki kwenye fremu ya mlango, akaaga, akaenda zake akipiga mluzi.

Chiriku alirudi jikoni. "Umejibu vizuri," Bibi alisema kwa sauti ya chini. Lakini siku hiyo hakumwambia amwage, na Chiriku hakuwa na la kumwaga.

Wiki iliyofuata Mama alisimama mbele ya ramani akichomoa pini. Alichomoa zote za mtaa wao.

"Mbona unazitoa?" Chiriku aliuliza.

"Huku hakuna mgonjwa, eti. Nami nilidhani tungewakuta wengi, wazee wamejaa mtaa huu. Basi, gari litapita moja kwa moja mpaka kule bondeni."

"Halitasimama hapa kabisa?"

"Lisimame limtibu nani, mwanangu?"

Chiriku alitazama vitundu vidogo vilivyobaki kwenye karatasi. Alitaka kusema, badala yake akabeba sahani akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Siku chache baadaye aliteleza karibu na bomba la shule, akajigonga paji la uso kwenye ukingo wa saruji. Damu ilimtoka nyingi kuliko maumivu. Mwalimu alimsafisha, akambandika bandeji kubwa nyeupe juu ya nyusi. Jicho moja likaanza kuvimba. Msichana mmoja wa darasani kwao alimsogelea, akauliza, "Inauma?" Chiriku alitaka kumjibu. Alikuwa amekaa muda mrefu bila kuongea hata hakujua aanzie wapi, akatikisa kichwa tu, na yule msichana akarudi kwa wenzake.

Alilia njia nzima. Hakuwa akililia kidonda. Alitaka mtu amwone, aseme "maskini, umefanyaje?", basi. Alipofika nyumbani aliingia bila kuamkia. Alikwenda akasimama mbele ya Bibi, karibu na dirisha penye mwanga wote wa mchana, uso umevimba, bandeji imelowa machozi. Akangoja.

Bibi alisikia hatua zake. Aliinua uso, akautazama uso wa mjukuu wake, akatabasamu.

"Chiriku wangu! Leo umependeza. Uso unang'aa."

Mtu wa pekee aliyekuwa amebaki wa kumwona, hakumwona.

"Bibi," alisema, "nina nini usoni?"

Tabasamu la Bibi likakaa kidogo pale lilipokuwa, kisha likaondoka. Aliiweka nguo aliyokuwa akishona mapajani.

"Sikuoni," alisema. "Ni siku nyingi sasa. Nakujua kwa hatua zako, na kwa maneno yako. Mnapotoka asubuhi nakaa gizani humu mpaka urudi, na ukirudi najifanya. Mwanangu, naogopa sana. Kichwa kinaniuma upande huu wa kulia, na hata kile kijimwanga kilichokuwa kimebaki kinanikimbia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe ni mtoto. Ningekwambia ufanye nini?"

Chiriku aliinama akaushika mkono wa Bibi, akauweka juu ya bandeji. Vidole vya Bibi vilipapasa kitambaa, vikashuka kwenye uvimbe. Walikuwa wawili katika siri hiyo, na kumbe muda wote kila mmoja alikuwa peke yake.

"Bibi, naenda kwa Mama."

"Chiriku! Shangazi yako atakuja anichukue!"

"Najua," alisema Chiriku. Alipiga moyo konde, akatoka.

Ofisi ya Mama ilikuwa chumba kirefu nyuma ya stoo ya dawa. Chiriku alipofika alikuta kikao. Mama alikuwa amesimama mbele ya wahudumu wa mitaa, Mzee Kofia akiwa kiti cha mbele na kofia yake. Gari lilikuwa liondoke kesho yake asubuhi, na walikuwa wakikubaliana lisimame wapi na lipite wapi.

"Umefanya nini usoni?" Mama aliacha chaki, akamkimbilia.

"Mama, nyumbani kwetu kuna mtu asiyeona."

Chiriku akamwaga yote mbele ya watu wazima asiowajua: sindano, mchele, mabega yanayogonga milango, kichwa kinachouma, na jibu alilompa Mzee Kofia.

"Lakini nilikuuliza, binti!" Mzee Kofia alisema, amepigwa na butwaa. "Nilikuuliza waziwazi!"

"Shikamoo, babu. Uliniuliza, nami nikakudanganya. Niliogopa Bibi asije akachukuliwa." Chiriku alifuta pua kwa kiganja. "Na tena nilijiambia Bibi si kipofu. Kipofu ni yule anayeongozwa barabarani kwa fimbo. Bibi ni mzee tu."

Mama aliketi taratibu kwenye kiti kilichokuwa karibu. Ungedhani atafoka. Hakufoka.

"Ni mzee tu," alirudia. Akawageukia wahudumu. "Milangoni mliambiwa hivyo? Nambieni ukweli."

Wahudumu walitazamana. Mwanamke mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Kuna nyumba nilimwona babu ukumbini akipapasa kikombe. Wenyewe wakasema hakuna asiyeona, babu ana uzee. Nikaandika hakuna. Ningewabishia?"

"Hapana, usingewabishia," Mama alisema. "Swali hilo nililitunga mimi, nikiwa nimekaa hapa na kalamu. Niliuliza nani ameshapofuka, na hakuna anayependa kumtia mzazi wake jina hilo mbele ya mgeni. Tena sisi hatuwatafuti waliopofuka tu. Tunawatafuta wanaoelekea huko, kabla hawajafika." Akasimama. "Gari haliondoki kesho. Chiriku, Mzee Kofia angekuuliza nini ukashindwa kumficha?"

Chiriku alifikiri. "Angeuliza nani anatia uzi kwenye sindano hapa nyumbani. Ningesema mimi, hata nisingeshtuka. Au angeomba kumwamkia Bibi tu."

Mzee Kofia alivua kofia yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akajikuna kipara. "Nimesimama mlangoni kwa bosi wangu," alisema, "na nikaona haya kuomba kumsalimu mama mkwe wake!"

Jioni ile ile Bibi alifikishwa hospitali, Mama kamshika mkono huu na Chiriku ule. Daktari wa macho alikuwa dada kijana mwenye sauti ya upole. Alimchunguza Bibi kwa muda mrefu, jicho moja moja, kisha akawaeleza wote bila kuficha.

"Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani imeingia ukungu. Hiyo tunaitoa, tunaweka nyingine, na Bibi ataona. La kulia ni presha ya jicho. Huo ugonjwa hula kimyakimya kuanzia pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Nitampa matone ya kushusha presha na maumivu yatapoa, lakini kuona kwa jicho hilo kumekwisha."

"Lingewahiwa?" Mama aliuliza.

"Matone yangeuzuia ugonjwa, ndiyo, kama yangeanza mapema."

"Mapema lini?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo. "Siku aliyokuja Mzee Kofia?"

Daktari alimtazama. Angeweza kumpa jibu tamu. "Siku ile ingekuwa afadhali kuliko leo," alisema. "Mwaka jana ingekuwa afadhali zaidi, na mwaka jana hakuna aliyekuuliza lolote. Tulipaswa kuuliza sisi wakubwa."

Chiriku alitoka akakaa kwenye benchi la ukumbini. Wagonjwa walipita, wauguzi wakapita, na yeye akalilia jicho la kulia la Bibi mpaka machozi yakamwishia. Jambo hilo hakuna aliyeweza kulifuta, na ni vizuri tulitaje hivyo hivyo lilivyo.

Upasuaji ulifanyika, na kesho yake bandeji ikatolewa. Bibi alitazama kwanza mikono yake mwenyewe, akaigeuza huku na huku. Akamtazama Mama, akasema, "Kumbe umekonda hivi, mwanangu!" Kisha akamtazama Chiriku.

"Hilo kovu la lini?"

"La siku ile uliyoniambia nimependeza."

Bibi alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu, na muuguzi akaanza kugomba kwamba jicho halitakiwi kulia.

Wahudumu walirudi mitaani. Safari hii hawakuishia mlangoni. Waliomba kuwaamkia wazee, wakasimama hatua chache mbele yao na kuwaonyesha vidole wavihesabu. Waliuliza nani anatiliwa uzi, nani anashikwa mkono akitoka nje, mtoto gani anasogelea ubao mpaka pua inagusa. Yule babu aliyepapasa kikombe alipatikana. Alipatikana fundi viatu aliyekuwa amebadili kazi na kumwambia kila mtu ni mgongo unamsumbua. Alipatikana na mtoto wa seremala, ambaye nyumbani walimwita mzito wa akili, kumbe alihitaji miwani tu. Gari la madaktari lilisimama katika mtaa ule ule lililokuwa lipite mbio, na foleni ikazunguka kona.

Na Shangazi akaja, na begi lake.

Haukuwa ubaya. Bibi alitakiwa kutiwa matone mara kadhaa kwa siku na asiinue kitu kizito. Mama alikuwa kazini kutwa, Chiriku shuleni. Kwake Shangazi nyumba haikosi mtu. Wakubwa walizungumza, na mwisho Bibi mwenyewe akaamua.

"Nitakaa huko mpaka likizo," alisema. "Nina wajukuu kule ambao sura zao sizijui."

Asubuhi ya safari walikwenda wote kituoni. Wakati Mama na Shangazi wakishughulikia mizigo, Bibi na Chiriku walikaa kwenye ukingo wa saruji. Bibi alikuwa amevaa miwani myeusi. Chiriku alikuwa amenyamaza tangu nyumbani.

"Umekasirika," Bibi alisema.

"Nilisema ukweli, na bado unaondoka."

"Kweli. Sitakudanganya kwamba ukweli unalipa papo hapo." Bibi alimshika bega. "Lakini sikiliza. Mimi nilikosa kuliko wewe. Nilikuwa na hofu yangu, nikamtwisha mtoto aibebe, nikaiita siri yetu. Mkubwa akikwambia ufiche maumivu yake, hata awe mimi, usifiche. Nenda kamwambie anayeweza kusaidia, tena siku hiyo hiyo. Maradhi hayasubiri tumalize kuogopa. Jicho langu moja limekwenda kwa kungoja, na hili jingine limebaki kwa sababu ulitoka mlangoni siku ile ingawa nilikukataza. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Na huko shuleni, usiyaweke maneno mpaka yaoze. Mtafute mmoja, umwagie."

Chiriku alimkumbuka yule msichana wa bomba la shule. Aliitikia kwa kichwa.

Honi ilipigwa. Bibi alipanda ngazi za basi mwenyewe, akakataa mkono wa kondakta, akachagua kiti cha dirishani. Mama alisimama na Chiriku chini. Basi lilianza kurudi nyuma polepole, na Chiriku akahisi uchungu ule wa zamani ukimjia, wa kurudi kwenye nyumba ambayo hakuna wa kumwitikia. Akashindwa hata kupunga mkono.

Dirisha likafunguliwa kwa kishindo. Bibi akatoa kichwa nje, miwani myeusi imeinuliwa hadi kwenye paji la uso, jicho lake la kushoto likimtazama yeye, yeye tu, katikati ya umati wa kituo kizima.

"Wewe Chiriku!" alipiga kelele. "Kamba ya kiatu imefunguka! Cha kushoto! Utaanguka tena!"

Watu waligeuka. Chiriku alitazama chini. Kweli, kamba ya kiatu cha kushoto ilikuwa ikiburuta vumbini. Alipiga goti akaifunga, akicheka na kulia kwa pamoja, na aliposimama basi lilikuwa limeshaingia barabarani, mkono wa Bibi ukipunga dirishani.